Kamera Iingiapo Nyumbani kwa Mtu

Kwetu sisi watu wa visiwani nyumba ni sitara. Mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kununa. Aliyekaribishwa naye huishia ukumbini, na hata jirani wa miaka 30 huenda asijue kilichomo katika chumba cha kulala cha jirani yake, wala hana haja ya kukijua. Mlango wa nakshi ambao wageni huja kuupiga picha uliwekwa ili uonekane. Kilicho nyuma ya mlango huo kiliwekwa ili kisionekane. Kwa hivyo ni jambo zito sana askari kuingia katika nyumba ya mtu akiwa na hati mkononi, na nyuma yake akafuatwa na mtu mwenye kamera.

Tumeonelea leo tulizungumze jambo hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vita dhidi ya rushwa na wizi wa mali ya umma vimewafikisha wapelelezi wa nchi nyingi katika majumba ya fahari, na humo kazi yao ya mwanzo, kabla ya kugusa kitu chochote, ni kupiga picha. Ya pili ni kwamba picha za namna hiyo siku hizi aghalabu hazitulii ndani ya jalada. Hutoka, zikazunguka kutoka simu hadi simu, na zikifika barazani hukumu hutolewa kabla ya kahawa haijapoa. Anayeonekana kuwa na kochi la bei kubwa tayari ni mwizi. Anayeonekana kuwa na mkeka tayari ni mwaminifu.

Maoni yetu tunayatoa mapema, ili msomaji ajue tunakoelekea. Picha ya ndani ya nyumba ya mtuhumiwa ni shahidi mwema, lakini ni shahidi ajuaye jambo moja tu. Anajua kwamba kitu fulani kilikuwapo mahali fulani siku fulani. Hajui kilinunuliwa na nani, wala kwa fedha za nani. Ukimuuliza zaidi ya hayo, unamlazimisha aseme uongo. Na ukimdharau kwa kuwa hajui zaidi ya hayo, unampoteza shahidi ambaye hasahau, hahongeki wala hafi.

JUMBA LA AVENUE FOCH

Tuchukue mfano wa kesi iliyokwisha kuamuliwa, ili tusimtie mtu yeyote katika shaka asiyostahili. Guinea ya Ikweta ni nchi ndogo ya Afrika, sehemu yake bara na sehemu yake visiwa. Malabo, mji uliokuwa makao makuu ya serikali wakati wote kesi hii ikisikilizwa mahakamani, uko katika kisiwa cha Bioko. Katika miaka ya 1990 mafuta yalianza kuchimbwa kwa wingi katika bahari ya nchi hiyo, na kwa muda mfupi pato lake la wastani kwa kila mtu likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Hata hivyo, wananchi wengi walibaki bila ya maji safi wala matibabu ya maana.

Tarehe 2 Desemba 2008, tawi la Ufaransa la chama cha Transparency International lilipeleka mashtaka mjini Paris, likidai kwamba baadhi ya viongozi wa Afrika na jamaa zao walikuwa wamenunua mali nchini Ufaransa kwa fedha za umma wa nchi zao. Palikuwa na ubishi mrefu kama chama cha raia kina haki ya kushtaki jambo kama hilo. Tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba kinayo. Hapo ndipo upelelezi ulipopata nguvu.

Miongoni mwa waliotajwa alikuwa Teodoro Nguema Obiang Mangue, mtoto wa Rais wa Guinea ya Ikweta, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Kilimo na Misitu na baadaye akawa Makamo wa Rais. Tarehe 28 Septemba 2011 wapelelezi walifika katika jumba nambari 42, Avenue Foch, katika mtaa wa matajiri wa Paris, wakakuta magari ya fahari. Siku 6 baadaye, tarehe 4 Oktoba, ubalozi wa Guinea ya Ikweta uliiandikia serikali ya Ufaransa kwamba jumba hilo linatumika kwa shughuli za ubalozi. Msomaji ataelewa uzito wa barua hiyo. Nyumba ya ubalozi, kwa sheria za kimataifa, haiingiwi na askari wa nchi mwenyeji. Ufaransa ikajibu tarehe 11 Oktoba kwamba haikubali. Jumba lile ni mali ya mtu binafsi.

Kuanzia tarehe 14 hadi tarehe 23 Februari 2012 wapelelezi walirudi, wakaipekua nyumba chumba kwa chumba na kuchukua mali. Magazeti ya dunia yalieleza habari za jumba la ghorofa sita lenye ukumbi wa sinema, hamamu, chumba cha mazoezi, mahali pa kuchezea disko, na mabomba ya maji yenye rangi ya dhahabu. Watu waliosoma habari hizo walistaajabu, na wengi waliona kwamba kesi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

PICHA NA STAKABADHI

Kilichomfikisha mshtakiwa kwenye hukumu si fahari ya jumba. Fahari si kosa katika sheria ya Ufaransa, wala si kosa katika sheria yetu. Mtu akirithi, au akifanya biashara halali akafanikiwa, ana hakki ya kulalia kitanda cha dhahabu akipenda, na shauri hilo liko baina yake na nafsi yake.

Kilichomfikisha ni picha kukutana na stakabadhi. Wapelelezi walikuwa na habari za mnada wa mkusanyo wa vitu vya sanaa vya Yves Saint Laurent, bingwa wa mavazi wa Ufaransa, na mshirika wake Pierre Bergé. Katika mwaka 2009 waziri huyo alinunua katika mnada huo vitu zaidi ya 100 kwa fedha zaidi ya Yuro milioni 18. Ofisi ya Ufaransa inayochunguza mienendo ya fedha ilionyesha kwamba malipo yalitoka katika kampuni iitwayo Somagui Forestal. Hiyo ni kampuni ya magogo na mbao katika nchi ambayo Waziri wa Misitu alikuwa ni yeye mwenyewe, na wapelelezi walieleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa katika mamlaka yake.

Hebu tuufuate mnyororo huo pete kwa pete. Kitabu cha mnada kinasema: kitu hiki kiliuzwa siku hii kwa bei hii. Karatasi ya benki inasema: bei hiyo ililipwa na kampuni ya mbao. Lakini mtu anaweza kununua kitu kwa niaba ya serikali yake, kikapambwe Ikulu au katika jumba la makumbusho. Nani atasema kitu hicho kimefika wapi? Hapo ndipo upekuzi na picha zake huingia, vikasema: kilikuwa hapa, katika nyumba hii, siku hii, katika matumizi ya mtu huyu. Ukiiondoa pete moja tu, mnyororo wote unakatika.

Na pete ya mwisho ilikuwa mshahara. Nchini Marekani, ambako mheshimiwa huyo alikuwa na nyumba nyingine Malibu, katika jimbo la California, Wizara ya Sheria ilisema mwaka 2014 kwamba mshahara wake wa serikali haukufika dola 100,000 kwa mwaka, na mali aliyokusanya ilizidi dola milioni 300. Kesi ya huko ilimalizika kwa mapatano mwaka huo huo, naye akakubali kuachia mali yenye thamani ya dola milioni 30. Yeye daima alikana kosa. Mawakili wake wa Paris walisema kwamba kwa sheria za nchi yake waziri anaruhusiwa kufanya biashara, na kwamba fedha zake ni halali. Hoja hiyo ilikuwa na haki ya kusikilizwa, na ilisikilizwa.

Tarehe 27 Oktoba 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kutakatisha fedha zilizotokana na wizi wa mali ya umma na rushwa. Alipewa kifungo cha miaka 3 na faini ya Yuro milioni 30, vyote viwili vikiwa vya nje, na mali yake iliyokamatwa, pamoja na jumba hilo, ikaamuliwa itaifishwe. Tarehe 10 Februari 2020 mahakama ya rufaa ilithibitisha hatia na kuamuru kwamba faini ilipwe. Tarehe 28 Julai 2021 mahakama ya juu ikafunga mlango wa rufaa.

Suala la ubalozi nalo lilifika katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Tarehe 11 Desemba 2020 majaji 9 dhidi ya 7 waliamua kwamba jumba lile halikupata kamwe hadhi ya ubalozi, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imepinga mapema na kwa sababu za maana. Tunautaja mgawanyiko huo wa kura kwa makusudi, ili ionekane kwamba hata mbele ya majaji wakubwa wa dunia jambo hili halikuwa jepesi. Na ubishi haukuishia hapo. Guinea ya Ikweta ilifungua shauri jengine mwaka 2022 ikitaka irejeshewe jumba, na Septemba 2025 Mahakama hiyo ililikataa ombi lake la hatua za dharura.

Msomaji na ahesabu. Tangu upekuzi wa Februari 2012 hadi uamuzi wa mwisho wa Ufaransa wa Julai 2021 ilipita miaka 9 na zaidi. Mashahidi wa kibinadamu katika muda huo huzeeka, huhama, husahau, hutishwa. Picha iliyotunzwa vizuri hubaki kama ilivyokuwa.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Wako wanaodhani kwamba kupiga picha nyumba ni kubonyeza kitufe. Sivyo. Mtu aliyeifanya kazi hii kuwa elimu alikuwa ni wa mji huo huo wa Paris, Alphonse Bertillon, aliyefariki mwaka 1914. Yeye aliiweka kamera juu ya miguu mirefu, ikatazama chini kwenye sakafu ya chumba, na picha zake akazibandika katika karatasi zenye vipimo pembeni, hata mtu aliyeketi ofisini akaweza kujua umbali wa kiti na meza bila ya kufika mahali penyewe. Msingi aliouweka ni huu: picha ya ushahidi haipigwi ili ipendeze, hupigwa ili ipimike.

Utaratibu unaofuatwa hadi leo ni rahisi kuueleza, ingawa ni mgumu kuutimiza. Picha ya kwanza hupigwa nje, ionyeshe njia, mlango na nambari ya nyumba, asije mtu akadai baadaye kwamba ni nyumba nyengine. Kisha kila chumba hupigwa kutoka mlangoni, na baada ya hapo kutoka kila pembe, picha moja ikichukua sehemu ya nyenziwe ili pasiwe na mahali palipofichika. Baada ya chumba kizima hufuata kabati, na baada ya kabati hufuata saa iliyomo ndani ya kabati. Saa hiyo hupigwa kwanza kama ilivyokutwa, halafu hupigwa mara ya pili ikiwa na rula na kibao cha namba ubavuni. Nyuma ya saa hupigwa pia, kwa sababu huko ndiko kwenye nambari ya kiwanda. Na nyuma ya picha ya ukutani vile vile, kwa sababu huko ndiko muuzaji alikobandika karatasi yake. Mara nyingi ushahidi wenyewe uko upande usiopendeza.

Kila picha huandikwa katika daftari: namba yake, saa, chumba, na jina la aliyeipiga. Ramani ya nyumba huchorwa kando, na orodha ya vitu ikalingana na namba za picha. Picha iliyoharibika haifutwi. Picha namba 47 ikikosekana, wakili mwerevu atauliza kwa nini, na jibu la kweli kwamba ilikuwa na giza halitasikika tena. Picha za mwisho hupigwa wakati wa kuondoka, zionyeshe nyumba imeachwa katika hali gani.

Zamani asili ya picha ilikuwa ni filamu, nayo ikifungiwa kwenye bahasha yenye muhuri. Leo asili ni chembe za kompyuta, na kila picha huweza kupewa alama ya kihesabu ambayo hubadilika endapo nukta moja tu ya picha itabadilishwa. Jambo hili lilikuwa la kufaa. Sasa limekuwa la lazima. Tumefikia wakati ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza picha ya chumba ambacho hakikujengwa, kikiwa na dhahabu ambayo haikuchimbwa. Mahakama itaiamini vipi picha ya kweli, kama hapana mtu awezaye kusema ilitoka mkono gani ikaingia mkono gani?

KAMERA NAYO HUPOTOSHA

Isidhaniwe kwamba kamera ya kweli haipotoshi. Lenzi pana huifanya seble ndogo ionekane kama ukumbi wa mfalme. Taa kali hukifanya kioo cha kawaida kimetemete kama almasi. Kamera haijui tofauti ya dhahabu na shaba iliyong'arishwa. Bomba la maji lenye rangi ya dhahabu linaweza kuwa la bei ya punda au la bei ya nyumba, na wa kusema ni mthamini aliyelishika mkononi na kulipima. Mkoba wa mtindo wa bei kubwa unaweza kuwa wa asili na unaweza kuwa wa kuigwa, na picha zao ni moja.

Na juu ya picha yuko mtu anayeifasiri. Bertillon huyo huyo tuliyemsifu anatupa somo la pili. Mwaka 1894 aliitwa kutoa rai juu ya mwandiko katika kesi ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyetuhumiwa kuuza siri za nchi yake. Bertillon alisema mwandiko ni wa Dreyfus. Haukuwa wake. Mtu asiye na hatia alivuliwa cheo hadharani, akapelekwa kufungwa katika Kisiwa cha Shetani, ng'ambo ya Atlantiki, akakaa huko zaidi ya miaka 4. Na jina lake halikusafishwa na mahakama mpaka mwaka 1906. Mkosaji hakuwa karatasi. Mkosaji alikuwa bingwa aliyeona katika karatasi kile ambacho wakubwa na makelele ya watu walitaka kionekane. Tukumbuke hayo kila tunapoona picha ya jumba na tukahisi kwamba tayari tumekwisha kuujua ukweli.

HAKI YA MWENYE NYUMBA

Mtuhumiwa hajawa mkosaji. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inafanya hivyo hivyo katika ibara ya 16. Ulinzi huo si ukuta usiopitika, kwani sheria huruhusu upekuzi penye sababu. Lakini sababu hiyo ndiyo mpaka wenyewe. Aliyepewa ruhusa ya kutafuta stakabadhi za fedha na vitu vya thamani hakupewa ruhusa ya kupiga picha dawa za mgonjwa, nguo za wanawake, wala watoto waliosimama mlangoni wakilia.

Sheria ya Ufaransa inataka upekuzi ufanywe mbele ya mwenye nyumba au mjumbe wake, na asipopatikana wawepo mashahidi wawili ambao hawako chini ya amri ya polisi. Na kwa kawaida upekuzi hauanzi kabla ya saa 12 alfajiri wala baada ya saa 3 usiku. Kwetu ni desturi inayofahamika kumwita sheha ashuhudie. Tunasema desturi hiyo isifanywe ya kupita tu. Sheha asisimamishwe uani akanyweshwa maji mpaka kazi ikaisha, kisha akaitwa kutia saini. Aingie kila chumba, aione kila droo ikifunguliwa, na ikiwezekana aonekane katika baadhi ya picha, ili picha imshuhudie yeye kama yeye anavyoishuhudia picha.

Wako watakaosema tunamhurumia mla rushwa. La hasha. Picha zilizopigwa kwa utaratibu zinamlinda kila mtu. Zinamlinda mwenye nyumba asije akavunjiwa au akaibiwa na wale wale waliokuja kutafuta wizi. Zinamlinda askari mwaminifu asije akasingiziwa kwamba alitia mfukoni pete iliyokuwa mezani. Na zinamlinda mwananchi mlipa kodi, kwa sababu kesi inayoanguka mahakamani kwa uzembe wa upekuzi ni wizi wa mara ya pili wa mali ile ile.

BARAZANI SI MAHAKAMANI

Sasa tufike kwenye jambo linalotukera kuliko yote, nalo ni picha za upekuzi kutolewa nje. Anayezitoa huenda akadhani anaisaidia haki kwa kuwaamsha wananchi. Kwa kweli anaidhuru mara tatu. Anamfunulia mtuhumiwa kile ambacho upelelezi umekipata, naye akapata muda wa kutafuta maelezo. Anampa wakili wake hoja kwamba jalada lilikuwa wazi na kila mtu aliweza kuligusa. Na anamwaga sitara ya watu wa nyumba, mke, wazee na watoto, ambao hawakushtakiwa kwa lolote na ambao kesho watakwenda skuli na sokoni wakinyooshewa vidole. Mahakama ikija kumwachia mtu huyo, ni nani atakayezirudisha picha zile kutoka katika simu elfu moja?

Sisi wa magazeti tunajua kwamba lawama hii inatuhusu pia. Picha ya jumba la fahari huuza gazeti. Lakini gazeti linaloheshimu wasomaji wake husubiri picha itolewe mahakamani kuwa kielelezo, na hapo huichapisha pamoja na maelezo ya pande zote mbili. Uwazi tunaoudai ni uwazi wa mahakama, pale ambapo shahidi huapishwa na huulizwa maswali, na mshtakiwa husikilizwa.

TUNAYOPENDEKEZA

Zanzibar ina Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, na viongozi wa umma wanatakiwa na sheria watangaze mali zao. Vyombo vipo. Tunawaomba wakubwa wetu serikalini wayatazame mambo manne.

La kwanza, wapiga picha wa upelelezi wafunzwe kazi hiyo mahsusi na wapewe vifaa vyake. Askari asitumwe katika nyumba ya mtu kupiga picha kwa simu yake mwenyewe, ambayo jioni atakwenda nayo kwake. La pili, pawepo kanuni zilizoandikwa zinazosema picha inahifadhiwa wapi, nani anaweza kuifungua, na adhabu gani inampata anayeivujisha, awe mdogo au mkubwa. La tatu, tangazo la mali la kiongozi lichukuliwe kuwa ni nusu ya ushahidi na picha ya upekuzi kuwa ni nusu ya pili. Kiongozi aliyetangaza kwa ukweli hana cha kuogopa kamera. Aliyetangaza nyumba moja akakutwa na nne atajibu mwenyewe kwa saini yake mwenyewe. Na tangazo likikaa kabatini bila ya kuhakikiwa, basi hata picha elfu hazitakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

La nne ndilo kubwa zaidi. Mali ikishathibitika kuwa ni ya umma, umma uone inarudi wapi. Katika kadhia ya Avenue Foch ilionekana kwamba kutaifisha tu hakutoshi, kwani mali iliyoibwa kwa watu wa Guinea ya Ikweta ingeingia katika hazina ya Ufaransa, na aliyeibiwa angebaki mikono mitupu. Ufaransa ilitunga sheria tarehe 4 Agosti 2021 kwamba fedha za mali za namna hiyo zirejeshwe kwa faida ya wananchi wa nchi zilikotoka, kwa njia ya miradi ya maendeleo. Kanuni hiyo ni njema, na yafaa ifuatwe hata pale mwizi na aliyeibiwa ni wa nchi moja. Ikiuzwa nyumba iliyojengwa kwa fedha za dawa, wananchi waambiwe ni hospitali gani imepata dawa.

Picha ya ndani ya jumba la fahari inaonyesha makochi, saa na mabomba yanayong'ara. Haionyeshi kisima kisichochimbwa wala darasa lisilo na madawati, ingawa katika kesi ya wizi wa mali ya umma hivyo ndivyo vitu vilivyopotea. Kwa ajili ya hivyo, picha hiyo ipigwe kwa uangalifu, itunzwe kwa amana, na iachiwe mahakama iisome mpaka mwisho. Anayeipiga picha hiyo amepewa ruhusa ya kuingia mahali ambapo sisi sote tumelelewa tusiingie bila ya hodi. Na hodi yake ni hati ya sheria. Aingie nayo, afanye kilichoandikwa humo, na atoke.